Nyasi, bati, feni au kiyoyozi: hela ya joto uiweke wapi kwanza

Mwezi wa tatu ukifika Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, mawingu huanza kudanganya watu. Jioni yanajikusanya upande wa Kongo, meusi, radi inanguruma mbali, kina mama wanaanua nguo na kuingiza mihogo ndani, halafu upepo wa vumbi unapita na hakuna tone. Usiku wa siku hiyo ndio mbaya kuliko yote. Kiangazi chenyewe, cha Desemba na Januari, kina jua kali lakini usiku hupoa. Masika yakichelewa, hewa inakuwa nzito, mawingu yanafunika joto kama kifuniko cha sufuria, na saa nane za usiku mtu bado anageuza mto kutafuta upande wenye baridi.

Machi 2024 majirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu ya joto. Februari 2025 wakafunga tena. Huku kwetu hatukuzifikia zile nyuzi 41 hadi 45 walizokuwa wakitangaziwa wao, lakini hewa haina pasipoti, na mwaka ule wa 2024 Ramadhani ilianza wiki ya pili ya Machi, joto likiwa kileleni. Watu walifunga kula na kunywa huku bati juu yao likilialia kwa kutanuka.

Mimi ni fundi umeme. Natandika nyaya, nafunga feni, na siku hizi nafunga viyoyozi pia. Kila joto likipanda napigiwa simu na watu wenye swali moja: "Fundi, ninunue ipi?" Wanataka nitaje mashine. Mimi nawajibu kwa swali: juu ya kitanda chako kuna nini? Wengine wanadhani natafuta sababu ya kuongeza bei. Ukweli ni kwamba jibu langu mara nyingi linanikosesha kazi.

Jua la huku linapiga utosini

Arua iko nyuzi tatu hivi kaskazini mwa ikweta. Kwa hiyo mwishoni mwa Machi jua linapita juu ya kichwa kabisa, na linarudi kufanya hivyo tena katikati ya Septemba. Kampala, ambayo karibu inaikalia ikweta, inapata hayo karibu na tarehe 21 Machi. Toka nje saa saba mchana, ambayo kwa huku ndiyo adhuhuri ya kweli, utafute kivuli chako: umekikanyaga.

Maana yake kwa nyumba ni kwamba saa ile ukuta haupigwi na jua karibu kabisa. Paa ndilo linalolipokea lote. Jua la namna hiyo, anga ikiwa wazi, linamwaga takriban wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu na kidogo kina paa la mita kumi za mraba, kwa hiyo juu yake kunamwagika kama kilowati kumi. Si zote zinaingia ndani. Nyingine zinarudishwa juu, nyingine zinachukuliwa na upepo. Lakini sasa chukua kiyoyozi kidogo kabisa kinachouzwa madukani, cha BTU 9,000. Uwezo wake wa kutoa joto chumbani ni kilowati 2.6. Ukikifunga chini ya bati tupu umempeleka mtoto apigane na ng'ombe dume.

Kuta zina zamu yao baadaye. Ukuta wa magharibi unachomwa kuanzia saa tisa hadi jua linapozama, na matofali hayasahau haraka. Ndiyo sababu saa tatu usiku nje kumeshapoa na ndani bado ni tanuri: bati lenyewe limeshapoa zamani, ni ukuta unaolipa deni.

Basi kila nitakachokilinganisha hapa nakipima kwa kipimo kimoja: kinafanya nini na lile joto la juu?

Nyasi na bati

Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Maracha, katika nyumba ya msonge: kuta za udongo, paa la nyasi lenye unene wa kiganja na zaidi, mlango mmoja mfupi wa kukuinamisha. Ukiingia saa saba mchana mwezi wa pili unahisi kama umeingia pangoni. Nyasi zilizopangwa vizuri zimejaa hewa iliyosimama, na hewa iliyosimama ni kizuizi kizuri sana cha joto. Zaidi ya hapo paa limetoka nje ya ukuta, kwa hiyo ukuta nao una kofia. Wazee hawakuhitaji kipimajoto kulijua hilo.

Kwa ubaridi wa mchana, basi, nyasi zinalishinda bati bila mabishano. Hata bati jipya linalong'aa, ambalo linarudisha mwanga mwingi, linachemka tu, na likishapata kutu mchana wa Februari linaweza kupita nyuzi 60. Linakuwa jiko lililogeuzwa juu chini. Hewa ya chumbani yaweza kuwa ya kuvumilika, lakini kichwa kinahisi mionzi inayoshuka kutoka juu. Ndiyo maana mtu anasema "joto la bati linauma kichwa". Hajakosea.

Sasa ngoja. Mama huyo huyo amekuwa akiniomba bati kwa miaka mitatu.

"Mama, hii nyumba ni baridi kuliko ya kwangu mjini. Bati la nini?"

"Mwanangu, nyasi kila baada ya miaka michache zinataka kijana wa kupanda juu. Vijana wote mko mjini."

Hapo ndipo ulinganisho wa ubaridi unapofika mwisho na maisha yanapoanza. Nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa haba kwa sababu mashamba yamekula mapori. Zinakatwa kiangazi hiki hiki, na kiangazi hiki hiki ndicho cha kuchoma mapori, kwa hiyo cheche moja ya moto wa jirani inatosha kumaliza boma. Mchwa wanakula fito, panya wanalala juu, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye nyasi ni ya rangi ya chai. Huwezi kuyakinga ya kunywa. Bati linakupa tangi la maji. Kwa mwanamke anayebeba jerikeni kutoka bomba la mbali, tangi hilo lina uzito kuliko nyuzi tano za joto.

Nilichomshauri mama ndicho ninachoona familia nyingi za kaskazini wamekwisha kufanya bila kushauriwa na fundi: nyumba ya bati ijengwe kwa ajili ya kulala, vitu na maji ya mvua, na msonge mmoja ubaki kwa ajili ya mchana, wageni na wajukuu. Ukiwa na nafasi ya boma, usichague kimoja.

Mjini ni tofauti. Huko nyasi hazimo hata kwenye orodha. Watakaojenga wenyewe wataambiwa na wauzaji kwamba bati la geji 28 "halipitishi joto" kama la geji 30. Si kweli. Geji ni unene wa bati. Inahusu uimara, mawe ya watoto na miaka ya kudumu, na kwa hayo ongeza hela kama unayo. Kwa joto, chuma ni chuma. Joto linapita kama maji kwenye chujio. Kinachobadilisha mambo ni rangi. Mabati ya kijani kibichi, ya kahawia na ya makaa yanapendwa sana, yanaonekana ya kitajiri, na ndiyo yanayochemka zaidi. Chukua rangi ya maziwa. Majirani watasema nyumba yako inafanana na zahanati. Wewe utakuwa umelala.

Vigae vya udongo, vile vinavyotengenezwa Kajjansi karibu na Kampala, ni vizuri: vinachelewa kupata moto na hewa inapita chini yake. Lakini ni vizito, vinadai mbao nzito, na bei yake yote pamoja ni ya mtu ambaye hasomi makala kama hii.

Umeshapanga chini ya bati: dari, chokaa au mti?

Wengi wetu hatujengi. Tumepanga chumba kimoja au viwili, kile Kampala wanachokiita muzigo, bati tupu juu, ukuta haujafika paani vizuri hivi kwamba unasikia jirani akikohoa. Humo ndimo nilimokaa miaka saba, na humo ndimo nilimojifunza.

Dari ndilo la kwanza. Si lazima liwe la jipsamu. Nilinunua mikeka ya mafunjo, ile mipana, nikaipigilia kwenye vipande vya mbao chini ya kenchi nikisaidiwa na seremala kwa siku moja. Mikeka, misumari na ujira wa seremala vyote vilinigharimu pungufu ya bei ya feni ya dari. Mafunjo ndani yake ni kama sponji, yamejaa hewa, na yanakatisha ile mionzi ya bati isikufikie kichwani. Siku ya kwanza mke wangu aliingia saa nane mchana akasimama katikati ya chumba akitazama juu, akauliza kama mvua inakuja.

Yana kasoro zake. Hayapendi kuvuja, tundu moja la msumari kwenye bati litakuachia doa na harufu. Vumbi linakaa. Panya nao huona umewajengea ghorofa. Na hapa naongea kama fundi: mafunjo yanawaka. Nyaya zote zinazopita juu ya dari la namna hii ziwe ndani ya paipu, viungio viwe kwenye boksi, na balbu isiguse mkeka. Nimekuta nyaya za spika zimetumika kupeleka umeme juu ya mafunjo makavu. Nilizima swichi kuu kabla sijamsalimu mwenye nyumba.

Plaiwudi na jipsamu vinafanya kazi hiyo hiyo kwa unadhifu zaidi na bei zaidi. Kitambaa au turubai ni afadhali kuliko bure. Kwa yoyote utakayochagua, acha matundu ya hewa kati ya dari na bati, pande zote mbili za nyumba, ili joto lililonaswa pale litoke. Dari lisilopumua linakuwa chemba ya joto inayokusubiri usiku.

Rangi nyeupe juu ya bati ni hoja tofauti. Dari linalizuia joto likishaingia. Rangi inalifukuza kabla halijaingia. Kinadharia rangi ni bora. Mimi nilijaribu chokaa, kilo chache tu, nikaikoroga na maji na chumvi, nikaipaka kwa ufagio jioni. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka mvua tatu za kwanza, ambazo ziliishusha yote kwenye maua ya jirani. Kwa hiyo chokaa ni ya msimu: paka Januari, mvua itaiosha Aprili wakati huihitaji sana. Kama unakinga maji, yaache ya mvua za mwanzo yapite. Rangi halisi ya paa inakaa miaka, ila bati lenye kutu lazima lisuguliwe na kupakwa praima kwanza, na hapo gharama inapanda. Halafu kuna vumbi jekundu letu. Paa jeupe la Arua mwezi wa pili ni paa la waridi.

Mpangaji, hesabu hivi: mikeka unaweza kuibandua ukahama nayo, rangi unamwachia mwenye nyumba. Kama ni nyumba yako, fanya vyote viwili, anza na dari.

Na mti? Mwembe ni kiyoyozi kisicholipiwa yuniti. Kivuli chake kwenye ukuta wa magharibi ndicho kinachomaliza lile deni la saa tatu usiku nililolitaja. Tatizo la mwembe ni subira, na pia maembe yenyewe: yakiiva, watoto wa mtaa watayapiga kwa mawe, na jiwe halichagui kati ya embe na bati. Mwarobaini unakua haraka, unavumilia ukame, na hauna tunda la kugombaniwa. Kwa ukuta wa magharibi nauchagua mwarobaini, mita chache kutoka msingi. Mwembe uwekwe uani, mahali pa mkeka na pa wazee. Tangu Mei 2023, Rais alipotoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini, miti iliyobaki imepata kupumua kidogo. Magunia hayajakoma kupita usiku, lakini hayo tuyaache.

Sasa mashine

Feni haipozi hewa. Narudia kwa sababu kila siku nakuta feni ikizunguka katika chumba kisicho na mtu, "ili kipoe kabla hatujaingia". Feni inapoza ngozi tu, kwa kukausha jasho. Katika chumba kitupu inachangia joto la mota yake na kula yuniti. Ukitoka, izime.

Kwa hali yetu ni mashine nzuri kuliko inavyosifiwa. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikipita nyuzi 40 feni inaanza kukupulizia joto badala ya kukupoza. Sehemu kubwa ya Uganda mara chache sana inafika huko. Chini ya hapo inafanya kazi yake.

Lakini ipi? Wateja wanapenda ya dari kwa sababu haichukui nafasi. Mimi nakataa kuifunga katika chumba kisicho na dari, na si kwa sababu ya kukosa pa kuininginiza tu. Hewa ya moto kabisa ya chumba imekaa juu, chini ya bati. Ukiweka mapanga pale, unaivuta na kuishusha kitandani. Chini ya bati tupu nunua ya kusimama. Mchana ikuelekee wewe. Usiku, nje kukishapoa kuliko ndani, isogeze dirishani ivute hewa ya nje iingie, na ufungue dirisha au tundu upande wa pili hewa ya zamani ipate njia. Mchana fanya kinyume: hewa ya nje ikiwa ya moto kuliko ya ndani, funga madirisha na mapazia ya upande wa jua. Watu wengi wanafungua mchana na kufunga usiku. Usiku wanafunga kwa kuogopa wezi na mbu, na siwalaumu. Wavu wa madirisha na nondo ni sehemu ya bei ya ubaridi, uviingize kwenye hesabu. Kulala nje chini ya mwembe kama tulivyofanya utotoni ni kutamu, lakini kwa malaria ya huku, bila chandarua utalipa kwa dawa kile ulichookoa kwa umeme.

Hesabu ya yuniti ni hii. Feni ya kusimama inakula wati kama 50. Saa kumi usiku kucha ni nusu yuniti. Mwezi mzima ni yuniti 15. Mwaka 2025 mtumiaji wa nyumbani alipewa yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja, na baada ya hapo bei ya kawaida kwa miaka kadhaa ilikuwa ikicheza kati ya mia saba na mia nane na kitu, isipokuwa yuniti ya 81 hadi ya 150, zilizopunguzwa bei kwa ajili ya kupikia. Tuchukue 750. Hata kama yuniti za bei nafuu umeshazimaliza kwa taa na pasi, feni yako ya mwezi ni shilingi 11,250, kabla ya VAT ya asilimia 18. Chapati na chai za wiki.

Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinavuta wati 900 hivi kikiwa kazini. Katika chumba chenye dari na dirisha linalofunga vizuri, kinapumzika kila kikifikia baridi uliyokiwekea. Tuseme yuniti sita kwa usiku wa saa kumi. Kwa ile 750, bila kuhesabu punguzo la kupikia, hiyo ni 4,500 kwa usiku, 135,000 kwa mwezi. Chini ya bati tupu hakipumziki. Yuniti tisa, 202,500 kwa mwezi, kabla ya kodi, na bado unatoa jasho. Nilimfungia jamaa mmoja hivyo hivyo baada ya kukataa ushauri wangu mara mbili. Mwezi mmoja tu. Sasa juu ya kiyoyozi kile amepanga vikombe alivyoshinda kwenye mpira.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakwambii. Umeme wetu unaposhuka nguvu jioni, watu wote wakiwa wamewasha, kompresa inahangaika kuamka na inaungua. Bila kifaa cha kusawazisha umeme, sifungi. Ukikatika kabisa, una chumba kilichofungwa madirisha na mashine iliyokufa. Feni ndogo ya volti 12 yenye betri na paneli ya jua haijali kukatika kwa umeme. Kwa vijiji na kwa kambi za wakimbizi za Rhino na Bidibidi, ndiyo chaguo langu la kwanza wala sina la pili.

Kiyoyozi nakifunga kwa moyo mweupe mahali pake: duka la dawa, kwa sababu dawa nyingi hazitakiwi kupita nyuzi 25 au 30, kliniki, chumba cha mzee mgonjwa ambaye mwili wake haujui tena kutoa jasho. Mtu akiacha kutoa jasho, ngozi ikiwaka na maneno yakianza kumchanganyika, huyo feni peke yake haimtoshi. Mmwagieni maji, mpepeeni, na bodaboda iende hospitali sasa hivi.

Katikati ya feni na kiyoyozi kuna kile kipoza hewa cha maji, sanduku lenye feni na tangi. Hiki kinagawanya watu kuwa mashabiki na maadui, na wote wana haki, kwa sababu wanazungumza miezi tofauti. Januari na Februari hewa ya huku ni kavu, midomo inapasuka; maji yanakauka upesi na kifaa kinatoa ubaridi wa kweli kwa umeme mdogo. Mwishoni mwa Machi, hewa ikishabeba unyevu, kifaa hicho hicho kinakutengenezea mvuke wa kienyeji. Na usikifungie chumbani ukafunga dirisha. Kinataka hewa ipite. Kinakunywa maji pia, katika miezi ambayo jerikeni linauzwa.

Kama unapenda fizikia hiyo bila gharama, nunua mtungi. Maji yanapenya udongo, yanakauka nje, yaliyobaki ndani yanapoa. Uweke kivulini penye upepo, juu ya mchanga uliolowa. Sishindanishi mtungi na friji kwa nyama. Kwa maji ya kunywa nauchagua mtungi, na si kwa ushamba. Maji ya friji yanachoma koo la mtu aliyetoka juani, ya mtungi yanateremka. Ramadhani ile, maji ya ukwaju kutoka kwenye mtungi wa shangazi yangu yalimaliza foleni ya majirani saa ya kufuturu, na friji lake lilisimama pale kama mgeni asiyejua lugha.

Usinakili ya Arua ukiwa Entebbe

Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi sita. Kabale iko karibu na mita 2,000, na watu wa huko wakisoma haya wakiwa chini ya blanketi watatucheka. Wao ulinganisho wao ni kati ya blanketi moja na mawili. Kandokando ya Nile, Adjumani na chini ya Moyo, umeshuka hadi mita mia sita na kitu. Huko kila nilichosema juu ya paa kizidishe. Kasese pia, chini ya milima yenye theluji, ni moto wa bonde.

Kampala, Jinja na Entebbe zina ziwa. Mchana haupandi sana, nyuzi 28 au 29 za kawaida, ila unyevu unakaa mwilini kama shuka lililolowa. Kipoza hewa cha maji huko usikinunue kabisa. Feni na dari ndiyo jozi ya huko. Anayepanga kwenye ghorofa akwepe ya juu kabisa yenye zege tupu: zege linakunywa jua mchana kutwa na kulitapika saa tano usiku. Ghorofa za kati, upande usiotazama magharibi, zina thamani ya kuongeza kodi kidogo.

Ungekuwa na hela hii

Mpangaji mwenye laki moja, nunua mikeka ya mafunjo, na itakayobaki iwe mwanzo wa feni. Usigeuze mpangilio huo. Mwenye nyumba yake na bati limezeeka: dari lenye matundu ya hewa, halafu rangi nyeupe, na mwarobaini upande wa magharibi mvua ikinyesha tu. Anayejenga sasa, bati la rangi ya maziwa, paa litoke nje ya ukuta kwa hatua nzima, madirisha makubwa yasitazame machweo. Kiyoyozi kikitajwa kabla ya dari, mwambie fundi akae chini mnywe chai.

Yule mwenye nyumba wangu wa zamani alinigombeza siku nilipopaka chokaa. Alisimama chini akiita, "Kijana, unaharibu bati langu!" Nikamjibu, "Mzee, shikamoo, ingia kwanza ndani." Aliingia, akakaa kitandani kwangu chini ya mafunjo, akanyamaza muda mrefu, akauliza kama feni imewashwa. Haikuwa imewashwa, umeme ulikatika tangu asubuhi. Juzi kanipigia simu. Ana vyumba sita pale, anataka kujua mikeka ya mafunjo naipata wapi, na kama nitamfanyia kazi hiyo kwa kukatwa kwenye deni la kodi nililomwachia mwaka ule nilipohama. Bado tunabishana juu ya kiasi cha deni.